Vidole vya Papa Polycarpe na Aparei ya Kioo

Kila asubuhi, mbele ya kufungua studio, Papa Polycarpe alikuwa anakaa ku ngazi ya mbao na aparei yake ya foto ku magoti. Hakuiangalia. Macho ilikuwa ku barabara, ku ngombe wenye walikuwa wanashuka kunywa maji, ku ukungu wa upande wa Sake. Lakini vidole ilikuwa ku kazi. Kidole gumba inazungusha kigurudumu ya nyuma, tak tak tak, kidole ya pili inazungusha ya mbele, kisha inarudisha yote mahali yake. Alikuwa anafanya vile mama wazee wanapitisha rozari, midomo imefungwa.

Mama na mimi tulikuwa tunauza formaji, jibini ya maziwa ya ngombe, ku upande ingine ya barabara, hapa Mushaki. Njo maana niliona. Siku moja mama alimuuliza:

"Papa Polycarpe, hiyo aparei unaisalisha nini kila asubuhi?"

"Ninaiamusha, mama Gaëlle. Ikilala sana itasahau mikono yangu."

"Ao mikono yako njo itasahau."

"Hiyo haiwezekani," akasema. "Mikono yangu haikusoma. Kitu yenye haikusoma haisahau."

Hakuwa muntu wa maneno mingi na majirani. Bibi yake, mama Adelaïde, alikufa zamani, na watoto hawakupata. Alikuwa na shamba ya maharagi nyuma ya studio, kuku wake, na redio yenye ilikuwa inasema peke yake. Ukipita kwake magaribi unaona muntu anakula akiangalia ukuta. Lakini ukiingia na kusema, "Papa, ninataka foto," ulikuwa unakuta muntu mwingine.

Alikuwa anakuketisha ku kiti, anasimama na aparei ku kifua, na anaanza kukuuliza habari. Ile ngombe yako ilizaa? Baba mukwe wako mukali, angali anakohoa? Anakuangalia mu macho. Wewe unajibu, unasahau kama ulikuja juu ya foto. Na wakati huo wote vidole inafanya yao huko chini. Kigurudumu moja ilikuwa ya kufungua na kufunga tundu ya mwangaza, ingine ya kuongeza ao kupunguza mbio ya aparei. Hapa ku mulima wingu inapita mbele ya jua kila mara, mwangaza inabadilika kama sura ya mutoto mwenye usingizi. Wingu ikifika, kidole gumba ilikwisha kuzungusha. Alikuwa anajua zile tak tak kwa ngozi. Kisha, wakati unacheka, ao unanyamaza juu ya kitu umekumbuka, aparei inapanda ku jicho, klak, inashuka.

"Imekwisha, mama."

"Imekwisha namna gani? Sijajitengeneza."

"Njo maana imekwisha."

Ninafikiri hayo njo yalikuwa mazungumzo yake yote. Hakuna mwenye alikuwa anaingia kwake juu ya kuzungumuza tu.

Wakati tulikimbia vita kuelekea Mubambiro, alifunga ile aparei mu kitenge ya marehemu mama Adelaïde, akaibeba ku kifua. Tulilala chini ya hema ya plastiki, na mvua haikutuhurumia. Wakati tulirudi, studio ilikuwa ingali imesimama, mulango tu njo haikuwa. Akakaa ku ngazi, akazungusha. Vigurudumu ilizunguka muzuri sana, lakini ndani hakuna kitu iliitika. Fundi wa Goma alimwambia kama maji ilikwisha kula roho yake.

Sylvain, mutoto wa mudogo wake mwenye anaishi Goma, njo alimuletea aparei ingine. Ilikuwa nyeusi, ndogo, nyepesi, na nyuma yake yote ni ekra ya kioo. Sisi majirani tulivuka barabara kwenda kuiona.

"Baba mukubwa, hii ni ya kisasa," Sylvain akasema. "Haina vigurudumu mingi. Unagusa ku ekra kama telefone. Gusa uso wa muntu, yenyewe inaweka uso wazi, ingine yote inabaki nyuma."

Papa Polycarpe akaigeuza, akaipapasa pande zote kama muntu anatafuta titi ya ngombe mu giza.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Kila kitu."

Sylvain akacheka. "Iko ndani, baba mukubwa. Mu menyu."

"Na mimi nitaingia huko ndani na nini?"

"Na kidole."

Lakini vidole vya Papa Polycarpe vilikuwa vya jembe. Ngozi yake ilikuwa ngumu, imepasuka, na kioo haikuisikia. Alikuwa anagusa, anagusa tena, anabonyeza mpaka ukucha inageuka nyeupe, aparei inabaki kimya kama mukwe amekasirika. Akazoea kulamba kidole mbele ya kugusa, vile watu wanafungua ukurasa wa Biblia. Siku zingine ilisikia, siku zingine ilikataa.

Na ajabu ni hii: kioo haikusikia kidole, lakini ilisikia pua. Aparei ilikuwa na kidirisha ya kuwekea jicho, sawa ile ya zamani. Akiipandisha ku jicho, pua yake, yenye si ndogo, inagusa kioo nyuma. Aparei inasema, "Ti." Inafikiri ni kidole imeionesha mahali ya kuangalia. Muntu mwenye ameketi anapotea mu ukungu, na mutungi wenye uko nyuma yake njo unatoka wazi.

Vijana wa moto, wale wa pikipiki, wenye walikuwa wanangojea wasafiri pale karibu waliipenda sana ile "ti."

"Papa Polycarpe, aparei inakusalimia."

"Hapana, inaomba ruhusa."

"Ninyi hamujui kitu. Sasa pua njo fotografu. Papa ni musaidizi wake."

Yeye pia alikuwa anacheka kidogo, kisha anaingia ndani.

Alijaribu. Siwezi kusema hakujaribu. Alikata mbegu ya haragi katikati, akaibandika na kole ku buto ya kupiga foto. Ku buto ya menyu akabandika punje ya mutama. Asubuhi tulikuwa tunamuona ku ngazi, macho ku barabara, kidole inatafuta haragi, inatafuta mutama, inapata. Hizo buto zikamukubali. Lakini ku kioo utabandika nini? Kioo iko sawa pande zote. Kidole ikisimama hapa ao pale, haijui kama imefika.

Kwa hiyo alilazimika kuangalia. Njo hapo kazi yake iliharibika, na nilikawia kuelewa juu ya nini, maana foto zake hazikuwa mbaya. Muntu anaketi, Papa Polycarpe anainamisha kichwa ku ekra, analamba kidole, anasoma zile herufi ndogo kama mayai ya chawa. Anaanza kuuliza, "Na ile ngombe," kisha ananyamaza, juu aparei imezima ekra yake na anapaswa kuiamusha. Muntu ameketi anaangalia kofia ya Papa Polycarpe tu. Wingu inapita. Muntu anangojea. Foto ikitoka, ni sura ya muntu mwenye anangojea.

Mama Murekatete, mwenye anauza viazi, aliishika foto yake, akaiangalia sana.

"Ni mimi," akasema. "Lakini kama mimi ku foleni ya hospitali."

"Nitakupiga tena, mama."

"Hapana, Papa, acha. Zamani ulikuwa unaniangalia mimi. Sasa unaniangalia mu hiyo kitu."

Alisema bila ubaya, akamuachia viazi kidogo, akaenda. Baada ya hapo watu walianza kupita. Hawakumukatalia, walipita tu. Vijana wako na telefone. Tulikuwa tunamuona anafagia mbele ya studio asubuhi, anafagia tena saa sita, mahali hakuna muntu amekanyaga.

Kisha dot ya Gentille, siku ya kutoa mahari yake, ikafika.

Gentille ni mutoto wa mama Geneviève, mudogo wa marehemu mama Adelaïde. Papa Polycarpe alimupiga foto siku ya ubatizo, komunyo ya kwanza, na kila Noeli. Kama kuna muntu alikuwa anamuita baba bila kuwa mutoto wake, ni yeye. Na kwetu hapa, siku ya dot, kuna foto moja yenye inapita zingine zote. Wakati maneno ya ngombe imekwisha, baba ya kijana na baba ya musichana wanaletewa kibuyu moja ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na mirija miwili. Wanainama pamoja, vipaji vya uso vinakaribia kugusana, wanavuta mara moja. Hapo njo undugu umefungwa. Hawanywi mara ya pili. Wazee wanasema ukirudilia kunywa, umeonesha kama ya kwanza haikushika. Kwa hiyo mupiga foto anapata nafasi moja tu, na foto ile inawekwa ku ukuta wa nyumba mbili, huku na huko, mpaka wajukuu.

Mama Geneviève alikuja mwenyewe kumuomba. Tulisikia kutoka ku formaji yetu.

"Shemeji, foto ya kibuyu ni yako."

"Cyusa iko na telefone nzuri," akasema. Cyusa ni kaka ya Gentille.

"Sikukuuliza habari ya Cyusa. Yangu na marehemu mume wangu, nani alipiga?"

"Mimi."

"Basi."

Wakati mama Geneviève aliondoka, Papa Polycarpe alivuka barabara, kitu hakuwa anafanya. Akasimama mbele ya formaji bila kununua.

"Mama Gaëlle, hii ikinishinda, mimi siko fotografu tena. Nitakuwa muzee wa maharagi mwenye alikuwa anapiga foto."

"Haitakushinda," mama akasema.

"Ile pua tu."

Akamuita Sylvain. Sylvain alikuja siku ya soko, akamuambia kama kuna namna ya kufunga masikio ya kioo, isisikie pua wala kidole, na buto peke yake zibaki ku kazi. Lakini iko mu menyu, ndani ya menyu, ndani ya menyu ingine. Papa Polycarpe hakuwa anaona zile herufi muzuri. Basi akaomba Sylvain amuoneshe njia, siyo maneno. Akaijifunza vile muntu anajifunza njia ya shamba ya mugeni: mutama, chini, chini, chini, kulia, chini, katikati. Wakati wa kupalilia tulikuwa tunamusikia nyuma ya studio. "Chini, chini, chini, kulia." Jembe inaanguka kila neno. Ku ngazi alikuwa anaifanya na kidole, macho ku barabara, kama zamani, na mara ya kwanza tangu tulirudi nilimuona ametulia.

"Inashika," akamuambia mama kutoka kule.

"Nilikuambia."

Kila akimaliza kujifunza alikuwa anarudisha vile ilikuwa, maana Sylvain alimuonya kama kwa kazi za kawaida kioo inaweza kumusaidia. Atafunga masikio yake siku yenyewe, mbele ya kutoka.

Siku moja mbele ya dot, mwalimu moja alikuja juu ya foto ya karte ya kitambulisho, na akataka tarehe ionekane ku foto. Papa Polycarpe alimupa aparei, mwalimu akaingia mu menyu, akasoma, akatengeneza tarehe, akarudisha. Kitu ndogo kabisa. Lakini aparei ya namna ile, ukifungua menyu, haikuanzishi ku mulango. Inakuanzisha pale muntu wa mwisho aliacha. Sylvain hakumuambia, labda hata yeye hakuwa anafikiria, sababu yeye anasoma herufi, hahesabu njia. Na mbele ya siku ile hakuna mwingine alikuwa ameingia kule ndani, na Papa Polycarpe mwenyewe alikuwa anarudi kila mara mpaka mwanzo wa menyu, njo maana njia ilikuwa inaanzia mahali moja kila siku.

Asubuhi ya dot Papa Polycarpe alivaa koti ya gris, rangi ya majivu, na kofia. Akakaa ku ngazi, akashika punje ya mutama. Chini, chini, chini, kulia, chini, katikati. Kisha akalamba kidole akagusa kioo, kujaribu. Haikusema "ti." Akagusa na pua. Kimya. Akasimama, akatuangalia, akapandisha mukono moja kama muntu ameshinda kesi.

Tulijua nyuma kutoka kwa Sylvain kama ile njia, kwa kuwa ilianzia pale mwalimu aliacha, ilimufikisha mahali ingine. Hakuzima masikio ya kioo. Alizima sauti yake. Kioo ilikuwa ingali inasikia kila kitu, ila haikusema tena.

Kwa mama Geneviève watu walikuwa wamejaa. Mimi nilikuwa mu wasichana wa kugawa sahani. Papa Byamungu, mwenye alikuwa anaongoza maneno ya sherehe, ni muntu wa kuchekesha. Wakati kibuyu ililetwa, vijana wote waliinuka na telefone, wakafunika mbele kama ngombe ku maji. Yeye akapiga makofi.

"Ninyi watoto, mukae. Telefone mu mifuko. Cyusa, hata wewe, usifanye kama sikukuona. Leo kuna fotografu wa familia. Mbele yenu kuzaliwa alikuwa anapiga hii foto. Mupatie muzee njia."

Wakakaa. Hata mama Geneviève aligeuka kuona kama kuna mwenye angali ameshika telefone. Papa Polycarpe akasogea mbele, peke yake mu uwanja, na nikaona sura yake ile ya zamani. Hakuangalia ekra. Aliangalia wale wazee wawili. Baba ya kijana alikuwa Papa Ndayambaje, muntu wa kuona haya, na upande wa Gentille alikuwa baba mudogo wake, Papa Dusabimana, juu baba yake alikwisha kufa.

"Papa Ndayambaje," akasema, "ile ngombe ya pembe moja uliileta kweli, ao ulituletea pembe peke yake?"

Watu wakacheka. Papa Ndayambaje akacheka kwanza na mabega, kisha na uso muzima, na Papa Dusabimana akaambukizwa. Wakainama bado wanacheka, vipaji vikagusana, mirija mu kinywa. Wingu ilikuwa imeondoka. Papa Polycarpe akapandisha aparei ku jicho. Klak, klak, klak. Wazee wakainuka, wakapanguza midomo. Wanawake wakapiga vigelegele. Imekwisha.

Mimi nilikuwa nyuma yake na sahani. Wakati alishusha aparei, foto ilikuwa ku ekra, na niliiona pamoja na yeye. Nyuma ya wazee kulikuwa mugomba. Majani yake ilitoka wazi kabisa, mpaka tundu zenye wadudu walikula, mpaka tone ya maji ku ncha. Mbele ya mugomba kulikuwa vitu viwili kama moshi, vimeinama.

Akapitisha ya pili. Mugomba. Ya tatu. Mugomba.

Akagusa pua yake na mugongo wa mukono, polepole.

Mama Geneviève alikuja na uso wa furaha. "Nionyeshe, shemeji." Akamuonesha. Akaangalia kwa muda, kisha akamushika mukono, na Papa Byamungu akaja, na Cyusa, wakaangalia vilevile. Cyusa njo alisema kwa sauti ndogo, "Tuwaombe wanywe tena. Kidogo tu, juu ya foto."

Papa Dusabimana alisikia. "Mutoto wangu, hiyo hainywewi mara mbili," akasema. "Unataka dada yako arudi nyumbani?"

"Haiko kitu," mama Geneviève akasema haraka. "Shemeji, haiko kitu. Tuliona na macho. Watu hawa wote ni foto." Akamuitia chakula mbele ya watu wote, nyama ya kuchagua, na kiti karibu na wazee. Papa Byamungu akamuweka mukono ku bega. Hakuna muntu alimukaripia, hata kijana moja hakusema neno ya pua. Ninafikiri kama wangemuchekelea angeweza kujibu.

Nilimuletea sahani. "Asante, mutoto," akasema, akaiweka ku kiti.

Papa Byamungu alikuwa amewapa vijana ruhusa tena, na telefone zikatoka. Gentille na kijana wake wakasimama mbele ya ua.

"Papa, samahani, songa kidogo," Cyusa akasema. "Uko mu foto."

Akasonga. Kikundi ingine ikaja, familia ya kijana, wako wengi.

"Papa, tena kidogo upande ule."

Akasonga tena. Kisha wasichana walitaka kupigwa na kibuyu tupu, na mwangaza muzuri ulikuwa pale alisimama, na moja akamuambia kwa heshima yote, "Baba, tuachie hapo." Akawaachia. Kila mara alikuwa anaangalia nyuma asikanyage muntu. Namna ile alifika ku mulango ya ua bila kuitafuta.

Pale akavua aparei ku shingo, akaitundika ku mumea wa ua, mahali hakuna mvua, akapanga mukanda wake vizuri. Nilifikiri anaenda kujisaidia. Lakini hakushika njia ya choo, wala ile ya studio. Alishika ile yenye inapanda kuelekea upande wa Walikale, na koti yake ya gris, mikono mitupu, anatembea kama muntu mwenye hakuna kitu anachelewa.

Tulifunika chakula yake na sahani ingine juu ya kuzuia inzi. Wengine wanasema alionekana Ntoto, analima mihogo kwa watu. Hapa Mushaki hakurudi.